Model T inamisi mvua ikinyesha: chunguza mbao za koili kabla ya kabureta

Gari la zamani likianza kumisi (silinda kukosa kuwaka kwa vipindi) baada ya usiku wa mvua, mkono wa fundi huenda moja kwa moja kwenye kabureta. Kwa magari mengi ya zamani huenda akapatia. Lakini kwa Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927 na kupita idadi ya milioni 15, mahali pa kuanzia ni kwenye lile kasha ambalo katika mengi limefungwa mbele ya dereva. Ndani yake kuna koili nne za kuzalisha umeme wa cheche, kila koili imo ndani ya kiboksi chake cha mbao, na katika magari mengi kasha lenyewe nalo lina mbao ndani. Matoleo ya mwanzo lilikuwa mbao tupu; baadaye likawa bati kwa nje na mbao kwa ndani. Mbao hizo ni sehemu ya mfumo wa umeme sawa na waya na plagi. Zikilowa, zikiungua au zikipasuka, hakuna kabureta itakayokuokoa.

Nimekutana na wenye magari haya Kampala na Jinja, hapa Uganda, wasioamini hilo. Mmoja, mzee wa Jinja, alikuwa ameshanunua plagi mpya na kusafisha tangi la petroli.

"Mzee, kabureta yako haina kosa. Niachie kasha nilale nalo."

"Kijana wangu, kasha lina ugonjwa gani? Si mbao tu hizo?"

"Mbao hizo ndizo zinazokula umeme wako, mzee."

Umeme unapita wapi

Model T haina distributa, kile kifaa cha kugawa umeme kwa plagi. Kwenye flaiwili (gurudumu zito la injini) kuna sumaku 16 zinazozunguka mbele ya koili ndogo 16 zilizotulia. Hapo hupatikana umeme mdogo wa kwenda na kurudi: volti chache tu unapozungusha hendeli (mkono wa kuwashia injini), na karibu 30 injini ikienda kasi. Umeme huo (au wa betri ya volti 6, ukigeuza swichi) unaingia kwenye zile koili nne za mbao. Taima iliyo mbele ya injini inazipa koili ethi (njia ya umeme kurudi kupitia chuma cha gari) moja moja kwa zamu, kwa mpangilio wa silinda 1-2-4-3. Koili inayopewa ethi inavuta ulimi wake wa chuma, pointi (ncha mbili za chuma zinazogusana) zinaachana, ulimi unarudi, na unaendelea kutetema kwa mlio kama wa nyuki. Kila mtetemo unazaa umeme wa maelfu ya volti unaokwenda kwenye plagi.

Maelfu hayo ya volti yanakaa sentimita chache tu kutoka kwa koili ya jirani, na katikati pana ubao. Ubao mkavu kabisa unauzuia umeme vizuri. Ubao mbichi wa aina ileile ukinzani wake umeshuka zaidi ya mara milioni moja. Kampala iko karibu na ziwa, mvua zinakuja Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, na gari la aina hii mara nyingi limelala gereji miezi bila kuwashwa. Ubao unanyonya unyevu kimya kimya. Siku ya harusi ya mtoto wa jirani ukilitoa barazani, linakuaibisha.

Kabla ya kugusa chochote

Wenzo wa cheche, ule wa kushoto chini ya usukani, uwe juu kabisa ili cheche ichelewe. Zungusha hendeli kwa mkono wa kushoto, ukivuta kwenda juu, na kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine. Hili kila mwenye Model T analijua, ila mbao zikiwa mbovu lina uzito zaidi, kwa sababu cheche inaweza kutokea kwenye silinda isiyo zamu yake. Hendeli ikirudi kinyume inavunja mkono.

Jambo la pili wengi hawalijui. Usichomoe waya wa plagi huku injini inawaka ili kujua silinda ipi imekufa. Ukiuchomoa, umeme mkubwa unakosa njia yake ya kawaida na kutafuta nyingine, na njia iliyo karibu ni kupitia mbao za koili. Mengi ya makovu meusi ninayoyaona ndani ya makasha yalianza kwa mtindo huo. Badala yake fungua kifuniko cha kasha, shika kijiti kikavu, bonyeza ulimi wa koili moja usitetemeke. Injini ikibadilika sauti, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Isipobadilika, umeipata iliyokufa.

Dalili: inamisi asubuhi au siku ya mvua, ikipata moto inatulia

Hapa unyevu ndio wa kwanza kushukiwa, na uchunguzi wake ni rahisi. Usiku, au gereji ikiwa na giza, washa injini na ufungue kifuniko. Tazama bila kuingiza mkono. Ukiona vimelimeli vya bluu vinatambaa juu ya ubao kutoka kwenye koili kwenda kwenye bati, au kuelekea koili ya pili, umemaliza kutafuta. Wakati mwingine huoni kitu ila unasikia mchakacho mwembamba, na unanusa harufu kali ile inayofuata radi.

Usipoona wala kusikia kitu, zima, toa koili zote nne, fungua waya zote za nyuma ya kasha, kisha pima. Mita ya kawaida, hata ukiiweka kwenye kipimo cha juu kabisa cha ohm, inatumia volti chache mno. Ikikuonyesha namba yoyote kati ya vituo viwili vya umeme mkubwa (vile vipande vya shaba vinavyogusa koili), mbao ni mbovu bila mjadala. Lakini isipoonyesha kitu, haijathibitisha kwamba ni nzima. Tafuta fundi umeme wa nyumba mwenye kipimo cha mega, kile anachopimia waya za jengo kwa volti 500. Pima kituo hadi kituo, kisha kila kituo na bati. Chini ya megaohm 50 mimi sina imani na kasha hilo, hata kama leo gari linawaka.

Sababu nyingine ya dalili hii ni mwosha magari. Mashine ya presha inarusha maji kupitia matundu ya boneti na kuyapenyeza kwenye ukuta wa mbao ulio nyuma ya injini. Ukuta huo ulikuwa wa ubao hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920, na waya za koili zinapita humo humo. Nje panakauka kwa dakika chache, lakini ndani ya matundu ya skrubu maji yanabaki siku kadhaa.

Dalili: silinda moja imekufa, mvua au jua

Koili nne zinafanana, na hiyo ni bahati kubwa. Hamisha koili ya silinda iliyokufa uiweke kwenye nafasi ya jirani yake, ya jirani uirudishe pale. Washa tena.

Ubovu ukihama pamoja na koili, kasoro iko ndani ya kiboksi hicho. Ubovu ukibaki palepale, koili haina hatia. Shughulikia kasha, waya, taima au plagi. Jaribio hili ni la dakika mbili na halihitaji hata mita, lakini watu wanaliruka na kwenda kuagiza koili Marekani.

Ukibaki na kasha, angalia vituo vya shaba vinavyogusana na koili. Mbao zikisinyaa, koili inacheza ndani ya nafasi yake na haikandamizi kituo. Gari lililozoea Entebbe likipelekwa Moroto wakati wa kiangazi linaweza kuanza tatizo hili safarini, kwa kuwa hewa ya Karamoja inakausha ubao upesi. Dawa si kukunja kituo cha shaba kwa koleo mpaka kikatike. Weka kipande chembamba cha plastiki ngumu upande wa pili wa koili ili iketi imara.

Dalili: hendeli inarudi kinyume, au mlipuko kwenye ekzosi

Ikiwa wenzo uko juu na bado injini inapiga kinyume, usirudie kujaribu bahati yako. Kuna mambo mawili yanayofanana kwa nje. La kwanza ni taima yenye uchafu wa chuma ndani, inayozipa koili mbili ethi kwa wakati mmoja. La pili ni njia ya mkaa kwenye mbao, inayovusha umeme mkubwa wa koili moja hadi kituo cha plagi ya jirani.

Namna ya kutenganisha: toa plagi zote, zilaze juu ya kichwa cha injini zikiwa na waya zake, geuza swichi kwenye betri, kisha mwenzako azungushe hendeli polepole. Sikiliza na utazame. Ndimi mbili zikitetema pamoja, fungua taima. Ulimi mmoja ukitetema lakini plagi mbili zikatoa cheche, mbao zimeungua. Na ikiwa koili inaendelea kulia hata baada ya kuifungua waya yake ya taima, chuma kimegusa chuma: skrubu ndefu imetoboa ubao hadi kwenye bati, au ubao umeliwa mpaka kituo kimelalia ukingo wa kasha.

Njia ya mkaa ina sura yake. Ni mstari mweusi wenye matawi, mwembamba kama mzizi wa mchicha, mara nyingi umejificha nyuma ya kituo au chini ya vanishi. Mkaa unapitisha umeme. Kila cheche inayopita inaunguza ubao zaidi na kuupanua mstari, kwa hiyo tatizo hili halijiponyi wala halibaki lilivyo.

Dalili: koili inalia lakini cheche ni dhaifu, pointi zinaungua

Pointi zikitoa cheche kubwa nyeupe, zikanata na kuota kichuguu upande mmoja, kondensa (kifaa kidogo ndani ya koili kinachotunza umeme na kupunguza cheche kwenye pointi) imekufa. Ya kiwandani ilitengenezwa kwa karatasi na foili, na baada ya karibu miaka 100 karatasi hiyo imeshanyonya unyevu wake. Mimi sipimi tena kondensa za asili. Nazibadilisha.

Hapa ndipo mbao zinahitaji mkono wa taratibu. Kiboksi cha koili kimeungwa pembeni kwa meno yaliyoingiliana, na upande mmoja una ubao unaotoka. Ndani kumejazwa lami. Ubao unang'ang'ania lami hiyo, kwa hiyo pitisha kisu chembamba pembezoni kidogo kidogo. Ukitumia bisibisi kama wenzo utavunja meno ya pembe. Kisha chimba lami upande wa kondensa peke yake. Katika koili nyingi utakutana na kipande cha kioo kati ya kondensa na nyaya nyembamba. Kioo hicho ndiyo mwisho wa safari yako, usikipite. Nyuma yake kuna waya mwembamba kama unywele, na ukiukata koili imekwisha.

Weka kondensa ya filamu ya plastiki ya mikrofaradi 0.47, inayovumilia volti 400 au zaidi. Maduka ya vipuri vya redio mjini wanazo. Usikubali ile ya kopo yenye alama ya hasi na chanya. Mwagia lami iliyoyeyushwa kwa moto mdogo, au nta ngumu, kisha rudisha ubao.

Dalili: sumaku zimepoteza nguvu

Kwenye betri gari linawaka vizuri, ukigeuza swichi kwenda kwenye sumaku linazima. Kabla ya kulaumu sumaku, angalia mbao za swichi kwenye kasha. Vituo vya betri na vya sumaku vinakaribiana hapo, na ubao ulioungua au uliojaa vumbi la shaba unaweza kuvusha umeme wa betri hadi kwenye koili za flaiwili. Umeme huo wa njia moja unazifisha sumaku, na kuzirudisha nguvu ni kazi kubwa kuliko yote iliyotajwa hapa. Ukirekebisha sumaku bila kurekebisha mbao, zitakufa tena.

Kukausha

Kasha tupu na koili havikaushwi kwa namna moja. Kasha tupu, likiwa limetolewa koili na vituo, linavumilia joto la nyuzi 60 hivi. Liweke ndani ya boksi kubwa lenye balbu ya zamani ya waya, ya wati 40 au 60, na matundu ya kupitisha hewa juu. Balbu ya LED haitoi joto la kutosha. Lipime kwenye mizani ya dijiti ya jikoni kila asubuhi. Uzito ukiacha kushuka, limekauka. Usiliweke juani moja kwa moja juu ya bati la paa, litapasuka kabla ya kukauka ndani.

Koili zenyewe zina lami, na lami inalainika. Zikae mahali pa joto la kadiri tu, zikiwa zimesimama wima, kwa siku nyingi zaidi. Ukiona lami inachuruzika, umezidisha.

Usipake vanishi kabla ya kukausha. Hilo ndilo kosa ninaloliona zaidi katika magari yaliyokarabatiwa kwa ajili ya maonyesho na picha za harusi: kasha linang'aa, na unyevu umefungiwa ndani hauna pa kutokea.

Kukata palipoungua na kuchagua ubao

Mkaa haufutiki kwa msasa. Ukisugua unausambaza kwenye vinyweleo vya mbao. Uchimbe kwa patasi kali mpaka ufikie ubao mweupe pande zote, kisha zidisha kidogo. Shimo dogo lijaze gundi ya epoksi ya mchanganyiko wa mirija miwili. Shimo kubwa liwekee kiraka. Gundi nyeupe ya maseremala ni nzuri kwa kiti na meza, ila inavuta unyevu. Isitumike karibu na umeme mkubwa. Na usisafishe kasha kwa nyuzi za chuma, maana kipande kimoja kilichonasa ni shoti ya kesho.

Ikibidi kutengeneza upya ubao mzima, utakwenda Ndeeba, kwenye soko la mbao la Kampala, kama kila mtu. Tatizo la Ndeeba ni kwamba mbao nyingi zinauzwa zikiwa bado mbichi, na muuzaji atakuapia kwamba zimekaa mwaka. Mimi hupenda mahogani iliyotoka kwenye fremu ya mlango au kabati lililobomolewa: imekauka miaka mingi, haipindi, na inashika skrubu ndogo. Mvule ni mbao ya heshima, inavumilia mchwa na mvua, lakini kwa kasha la koili siipendi. Ina vidonge vya chokaa ndani vinavyoua makali ya randa, mafuta yake yanachelewesha baadhi ya vanishi kukauka, na vumbi lake linawasha pua. Msizi ni laini mno, skrubu za vituo zitalegea. Na mbao yoyote yenye rangi ya kijani iliyotiwa dawa, kama vipande vya nguzo za umeme za mkaratusi, iache kabisa. Dawa hiyo ina chumvi za shaba, na chumvi zinasaidia umeme kupita.

Ninapokuwa na chaguo, kwenye ukuta ule wa ndani unaobeba vituo siweki ubao tena. Naweka plastiki ngumu ya unene uleule na kuifunika mbele kwa ubao mwembamba wa asili. Marekani huuzwa vipande vya plastiki vilivyokatwa tayari kwa kazi hii, ila mtu mwenye msumeno mwembamba na subira anaweza kuvikata mwenyewe. Wapenzi wa uhalisi watanung'unika. Waache wanung'unike wakisukuma magari yao.

Kumalizia, tumia shelaki iliyoyeyushwa kwa spiriti, tabaka nyembamba kadhaa, pamoja na ndani ya kila tundu la skrubu kwa kutumia brashi ndogo ya rangi. Ndani ya matundu ndipo unyevu unaingilia, na ndipo wapakaji wanaposahau. Epuka rangi nyeusi iliyotiwa masizi na rangi ya fedha yenye unga wa alumini. Zote mbili ni kama kurudisha ulichokichimba.

Kurudisha na kujaribu

Safisha pointi kwa faili ndogo bapa, kisha bonyeza ulimi chini na upime nafasi kati ya pointi: inchi 0.030, yaani robo tatu ya milimita na chembe. Jaribu kila koili mezani kwa betri ya volti 6, waya wa cheche ukiwa umbali wa milimita 6 kutoka kwenye chuma. Iruke bila kusita. Ukilazimika kutumia betri ya volti 12 kwa kukosa ya 6 itafanya kazi, ila pointi zitaungua haraka. Marekebisho kamili yanataka mashine maalumu ya kuzungusha kwa mkono, ambayo inapima koili ikivuta ampia 1.3. Kwa betri na sikio utafika karibu tu. Kwa gari la kwenda Entebbe na kurudi Jumapili, karibu inatosha, mradi koili zote nne zinalia kwa sauti moja. Inayolia nyembamba kuliko wenzake irudishe mezani.

Koili zikisharudi kwenye kasha, rudia pimo la mega na uandike namba kwa penseli ndani ya kifuniko pamoja na tarehe. Pima tena mvua za Septemba zikianza. Namba ikishuka nusu, toa kasha ulikaushe kabla mkaa haujapata pa kuanzia, na boneti ioshwe kwa kitambaa chenye maji kidogo.